Taa 31 zilirudi, na kosa lilikuwa kwenye mchoro wangu

Wafanyabiashara wenzangu, leo nawapa somo lililonilia hela.

Nilitengenezesha taa 200 za kuchaji kiwandani Shenzhen, China. Mtaji ulikuwa mkopo wa kikoba. Ndani ya mwezi mmoja, taa 31 zikarudi. Nikamtumia mwenye kiwanda voice note kali kweli kweli. Akanijibu kwa picha moja tu: mchoro wangu mwenyewe, amezungushia duara nyekundu sehemu mbili.

Ya kwanza, nyaya za betri. Nilichora zichomelewe kwa mkono, moja moja. Mchomeleaji akichoka, kiungo kinakuwa dhaifu, na taa ikidondoka waya unang'oka.

Ya pili, tundu la chaji la Type-C. Niliondoa rezista mbili za ohm 5,100 ili kubana gharama. Bila hizo, chaja yenye waya wa Type-C pande zote mbili haipeleki umeme. Wateja wenye simu mpya wakadhani taa ni mbovu. Rezista hizo mbili bei yake hata pipi haifiki!

Kiwanda kinatengeneza ulichochora. Kwa hiyo, kabla hujalipa chochote:

1. Punguza vipande. Mimi nilikuwa na skrubu za saizi nne, sasa ni saizi moja. Fundi hakosei tena.

2. Tumia vipuri vya kawaida. Betri ya 18650 (milimita 18 kwa 65) ina wauzaji wengi. Ikiisha kwa mmoja, oda yako haikwami.

3. Kila kipande kiingie upande mmoja tu. Betri yangu sasa ina plagi isiyokubali kugeuzwa, na hakuna kuchomelea kwa mkono.

4. Anza na kasha lililopo tayari. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki unailipia yote, utoe taa 200 au 20,000. Ukikosea vipimo, inachongwa upya kwa hela yako.

5. Sampuli ya mwisho ziwe mbili, zimesainiwa. Moja ibaki kiwandani, nyingine kwako. Mzigo ukaguliwe kwa kulinganishwa nayo kabla hujamalizia malipo. Wengi huchukua asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kusafirisha, kwa hiyo hiyo 70 ndiyo nguvu yako.

6. Muulize fundi: "Hapa kipi kitakusumbua?" Mimi sikuuliza. Niliona aibu kuonekana sijui.

Wateja wote 31 niliwarudishia hela, na marejesho ya kikoba nikayalipa kwa faida ya vifuniko vya simu, miezi mitano. Oda ya pili niliagiza taa 100 tu. Zimerudi mbili.

Na wewe unayetengenezesha bidhaa yako, kosa gani lilikuumiza? Liandike hapo chini, litamwokoa mwenzako.