Kipimo cha vinasaba chaingia shambani: ugonjwa wa muhogo watambuliwa ndani ya saa tatu

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa muhogo anaweza kupalilia shamba lake kwa mwaka mzima, majani yakiwa ya kijani na mashina yamesimama vizuri, kisha siku ya kung'oa akakata muhogo wa kwanza na kukuta ndani mabaka ya kahawia, makavu na magumu. Muhogo huo hauliki, hauuziki, na hata udaga wake haupendezi. Kibaya zaidi, wakati huo huenda amekwisha kuwagawia jirani na shemeji pingili za kupanda kutoka shamba lilelile.

Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita jambo hili lina uzito wa pekee. Muhogo ndilo zao linalobaki ardhini mvua zinapokatika na mahindi yakanyauka. Aidha, miji iliyokua kwa sababu ya dhahabu inakula chakula kingi kinacholimwa vijijini, na watu wanaohamia maeneo ya machimbo hufungua mashamba mapya. Shamba jipya huhitaji pingili, nazo hufungwa mzigo nyuma ya baiskeli au pikipiki na kuvuka wilaya bila mtu yeyote kuzikagua.

Magonjwa makuu ya virusi vya muhogo nchini ni mawili, nayo yote yaliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu katika ardhi yetu. Batobato ilielezwa mwaka 1894 kutoka Usambara. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 kutokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Amani, katika milima hiyohiyo. Yote mawili huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa majani, na vilevile huenezwa na binadamu kupitia pingili zenye maambukizi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba michirizi ni ugonjwa wa ukanda wa pwani na hausumbui nyanda zilizo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Imani hiyo iliondoka baada ya mwaka 2004, ugonjwa ulipojitokeza Uganda na baadaye kusambaa katika Kanda ya Ziwa. Sehemu kubwa ya Shinyanga na Geita iko juu ya kimo hicho.

Batobato mara nyingi huonekana kwa macho: majani hujikunja, hudumaa na kuwa na madoa ya njano na kijani. Michirizi ni laghai zaidi. Dalili zake hukaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, yale ambayo mkulima huyadhani yamezeeka tu, na katika baadhi ya aina za muhogo hazionekani kabisa. Upungufu wa rutuba nao hugeuza majani kuwa ya njano. Mchimbaji mdogo wa Geita anaijua hali hii kwa upande wa kazi yake: jiwe halionyeshi dhahabu yake mpaka lisagwe na lioshwe.

Kwa kawaida, jibu la uhakika hupatikana maabara. Sampuli ya jani huchukuliwa, hukaushwa na kusafirishwa, na kutoka Geita hadi maabara za Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Jibu linaporudi, msimu wa kupanda unaweza kuwa umepita.

Hapo ndipo kipimo kinachobebeka kinapoleta mabadiliko. Timu ya watafiti iliyowakutanisha Watanzania, akiwamo Dkt. Joseph Ndunguru, pamoja na wenzao wa Uganda, Kenya na Australia, akiwamo Dkt. Laura Boykin, ilipeleka maabara ndogo katika mashamba matatu, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Vifaa vyote vilitumia betri, na hapakuhitajika umeme wa gridi wala intaneti. Tangu timu ilipofika shambani hadi jibu la awali kupatikana, zilipita chini ya saa tatu. Virusi vya batobato vilitambuliwa katika jani, shina, muhogo wenyewe na hata katika wadudu.

Utaratibu wake si mgumu kuuelewa. Kipande kidogo cha jani huwekwa kwenye kichupa chenye vimeng'enya, hupashwa moto kwa kipimo maalumu, na vinasaba hutolewa vikiwa safi. Kisha hutiwa katika kifaa kiitwacho MinION, ambacho hutosha kiganjani. Ndani yake mna vitundu vidogo mno vinavyopitisha mkondo wa umeme. Uzi wa vinasaba unapopenya katika kitundu, kila herufi yake huubadilisha mkondo huo kwa namna yake. Kompyuta husoma mabadiliko hayo, huyageuza kuwa herufi na kuzilinganisha na kumbukumbu za virusi vinavyojulikana.

Ni haki mwananchi aelezwe pia mipaka ya kipimo hiki. Virusi vya batobato vina vinasaba vya DNA, lakini vya michirizi ni vya RNA, hivyo huhitaji hatua ya ziada ya kubadilishwa kabla ya kusomwa. Kemikali zake zina gharama, na nyingine lazima zitunzwe kwenye ubaridi. Kwa hiyo si kifaa cha kila mkulima kununua. Manufaa yake makubwa, kwa mtazamo wa mwandishi, yako kwenye mashamba ya kuzalisha mbegu, kwani shamba moja la namna hiyo hulisha vijiji vingi, na kosa moja hapo huzaa makosa mengi.

Kwa mkulima mwenye simu ya kisasa ipo programu ya Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Humsaidia kutambua batobato, michirizi na utitiri wa kijani kwa kuelekeza kamera kwenye jani. Hata hivyo, Nuru huona kile tu kinachoonekana. Mmea uliojificha huupita.

Kujua jina la ugonjwa hubadilisha uamuzi. Aina ya muhogo inayohimili batobato si lazima ihimili michirizi, kwa hiyo mkulima anayebadili mbegu bila kujua anachokikimbia anaweza kuhamisha tatizo badala ya kuliondoa. Mwenye shaka na shamba lake anashauriwa asigawe pingili zake kwa mtu, amwite afisa ugani wa kata, na ang'oe mimea yenye dalili ingali michanga. Anayetafuta mbegu aulize kwanza iwapo shamba zinakotoka limekaguliwa na Taasisi ya Uthibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI), na azipate kabla ya mvua za Novemba, wakati mahitaji hayajapanda na bado kuna nafasi ya kuzikataa zenye mashaka.