Bunduki Inapofyatuka Kwenye Uigizaji: Nani Huwajibika Kisheria?

Watengenezaji filamu wa Tanga, Muheza, Pangani na Bagamoyo hawakosi visa vinavyohitaji bunduki. Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo kikosi cha Uingereza kilicholetwa kutoka India kilishindwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao, hadi leo husimuliwa pamoja na habari za nyuki waliowavamia wapiganaji. Vita vya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, navyo vinasubiri mwongozaji mwenye mtaji. Mkoa huu pia si mgeni wa kamera. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri katika milima ya Usambara palikuwa makao ya mradi wa filamu za elimu uliotoa filamu fupi 35. Filamu nyingi za Vugiri zilihusu mambo kama kilimo na afya, na jembe halihitaji leseni. Bunduki inahitaji.

Swali ni hili: mwigizaji akielekeza silaha aliyoambiwa haina kitu, ikafyatuka na kuua, nani atasimama mahakamani? Jibu la vijiweni ni kwamba ilikuwa ajali, na ajali haina mwenyewe. Sheria za Tanzania hazilipokei jibu hilo kirahisi hivyo.

Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha makosa mawili ya kuua. Kuua kwa kukusudia kunahitaji dhamira ovu, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Kuua bila kukusudia hakuhitaji dhamira hiyo. Kunatosha kuwapo kitendo kisicho halali, au kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai kwa uzembe wa kiwango cha kulaumiwa kijinai. Adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Kwa hiyo neno "sikukusudia" humwondolea mtu shitaka la kwanza na kumwacha mbele ya la pili.

Wananchi wengi walilifahamu kosa hili la pili kupitia kesi iliyowahusu watu wa filamu, ingawa haikuhusu silaha wala eneo la kurekodia. Baada ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba Aprili 2012, mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kwa jina la Lulu, alishitakiwa kwanza kwa mauaji, shitaka lisilo na dhamana. Alipata dhamana Januari 2013 baada ya shitaka kubadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia. Novemba 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Kesi hiyo inaonesha mambo mawili ambayo familia za pande zote huyagundua wakati umekwishapita: aina ya shitaka huamua kama mshitakiwa atasubiri kesi akiwa rumande au nyumbani, na kati ya kifungo cha maisha kilichoandikwa na adhabu inayotolewa kuna uwanja mpana wa jaji kupima mazingira.

Ajali kama utetezi ipo. Kanuni ya Adhabu inaeleza kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa tukio lililotokea kwa bahati mbaya, lakini kanuni hiyo imefungwa kwa sharti la kuzingatia masharti yanayohusu uzembe. Mti ukianguka ghafla na kumgonga mpiga picha, hiyo ni ajali. Bunduki iliyojazwa risasi na mkono wa mtu, ikabebwa na mkono wa mtu na kuelekezwa kwa mtu, ni vigumu kuilinganisha na mti.

Utetezi ulio karibu zaidi na hali ya mwigizaji ni ule wa kukosea kuhusu ukweli wa jambo. Mtu aliyetenda akiwa na imani ya kweli na yenye msingi, ingawa imani hiyo ilikuwa ya makosa, huhukumiwa kana kwamba mambo yalikuwa kama alivyoamini. Maneno mawili hapo yana uzito: ya kweli, na yenye msingi. Tuseme kijana wa Muheza anaigiza mwindaji, na jirani amemwazima gobore akisema, "Halina kitu hilo, kaka." Huenda kijana aliamini kwa moyo wote. Je, imani hiyo ilikuwa na msingi? Hakuna aliyelikagua mbele yake, jirani hana ujuzi wa usalama wa seti za filamu, na gobore hushindiliwa baruti na vyuma kupitia mdomo wa mtutu, hivyo kulitazama kwa nje hakuoneshi kilichomo. Hali ni tofauti kwa mwigizaji aliyekabidhiwa bastola na mtunza silaha mwenye leseni, aliyeifungua, akaonesha chemba tupu na kueleza namna ya kuishika. Wote wawili waliambiwa silaha ni tupu. Ni mmoja tu mwenye la kuieleza mahakama.

Jirani naye hayuko salama. Sheria inamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama kitendo chake hakikuwa cha mwisho wala sababu pekee. Aidha, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ya kumiliki silaha ni ya mtu aliyetajwa humo, kwa silaha iliyotajwa. Haigeuki kuwa leseni ya rafiki anayetengeneza filamu. Silaha ikiazimwa kienyeji, kosa huwa limekwishatendeka kabla kamera haijawashwa, hata kama hakuna atakayeumia.

Tukio lililoirudisha mada hii duniani kote lilitokea Oktoba 21, 2021 karibu na Santa Fe, jimbo la New Mexico, Marekani. Katika maandalizi ya filamu ya "Rust", bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilifyatua risasi ya moto, ikamuua msimamizi wa upigaji picha, Halyna Hutchins, na kumjeruhi mwongozaji Joel Souza. Silaha ilikuwa imetangazwa kuwa salama. Mwongozaji msaidizi wa kwanza, David Halls, alikubali kutopinga shitaka la matumizi ya silaha kwa uzembe, akapewa kifungo cha nje cha miezi 6. Mtunza silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alitiwa hatiani Machi 2024 kwa kuua bila kukusudia na kuhukumiwa miezi 18, ambayo ndiyo adhabu ya juu ya kosa hilo katika jimbo hilo. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai 2024 kwa sababu upande wa mashitaka haukuuonesha utetezi ushahidi kuhusu risasi. Ikumbukwe kwamba mahakama haikusema mwigizaji hana wajibu. Swali hilo halikufikia uamuzi.

Kampuni iliyotengeneza filamu hiyo nayo ilitozwa faini na mamlaka ya usalama kazini ya jimbo. Kwa maneno mengine, risasi moja ilifungua mafaili ya watu watatu na kampuni moja, kila faili na wajibu wake.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo huisha pakitumika risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lisilo na kichwa cha risasi. Haliishi. Oktoba 1984 mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum alijiwekea kichwani bastola yenye risasi baridi kwa mzaha, akavuta kifyatuzi. Msukumo wa gesi ulivunja fuvu, akafariki siku chache baadaye. Machi 31, 1993, Brandon Lee aliuawa huko Wilmington, North Carolina, akirekodi filamu ya "The Crow". Maelezo ya tukio lake yanafaa kusomwa taratibu na kila anayeshika silaha ya maonesho. Awali zilitengenezwa risasi za kuonekana tu kwenye picha ya karibu. Baruti iliondolewa, lakini kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda kikabaki. Kiwashio hicho kilikuwa na nguvu ya kusukuma kichwa cha risasi hadi ndani ya mtutu, kikakwama humo. Baadaye bastola ileile ilijazwa risasi baridi bila mtutu kukaguliwa, na mlipuko wake ukakitoa kichwa kile kwa kasi ya risasi ya kweli. Hakuna mtu aliyeshitakiwa kwa jinai, lakini kampuni ilitozwa faini na mamlaka za usalama kazini.

Hapo ndipo sheria nyingine ya Tanzania inapoingia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda watu walio katika eneo lake la kazi, na ufukwe wa Pangani unaorekodiwa filamu ni eneo la kazi kama kiwanda cha mkonge kilivyo. Mtayarishaji anayesema "mimi nilitoa fedha tu, silaha zilikuwa za mwongozaji" anasahau kuwa ndiye aliyewaita watu hapo.

Upande wa fidia una uchungu wake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya 2008, iliunda Mfuko wa WCF, na waajiri wa Tanzania Bara wanapaswa kujisajili na kuuchangia. Kundi likikusanyika kwa makubaliano ya mdomo, kwa nauli na chakula cha mchana, swali la kwanza baada ya msiba ni kama marehemu alikuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Mama aliyempoteza mwanawe hujikuta anatafuta mashahidi wa ajira badala ya kujaza fomu. Njia ya madai mahakamani ingalipo kwa wategemezi wa marehemu, na mwajiri anaweza kulipishwa kwa uzembe wa aliyemtuma kazi, lakini njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Mkataba wa ukurasa mmoja ungeifupisha. Kwa upande mwingine, fomu ambayo msanii ameweka saini kwamba "chochote kitakachonipata ni juu yangu" haizuii mashitaka, kwa kuwa kosa la jinai hushitakiwa na Jamhuri.

Kabla ya hayo yote kuna kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya 1976, inataka filamu itengenezwe kwa kibali, na Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayosimamia jambo hilo. Kibali cha filamu hakiruhusu silaha. Hilo ni la Jeshi la Polisi, na anayetaka kurekodi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani atahitaji pia idhini ya TANAPA, ambako bunduki isiyo na maelezo humfanya mwenye nayo adhaniwe jangili. Kuwajulisha polisi si adabu tu. Septemba 2017 katika mji wa Crawfordsville, Indiana, polisi alimfyatulia risasi mwigizaji aliyekuwa akiigiza ujambazi nje ya baa, kwa kuwa polisi hawakuwa na taarifa ya upigaji picha. Risasi ilimkosa.

Uingereza imechukua njia yake: sheria yake ya silaha ya mwaka 1968 inamruhusu mshiriki wa tamthilia au filamu kuwa na silaha wakati wa maonesho bila cheti chake binafsi. Lakini mfano unaofaa zaidi kwa mifuko ya huku uko Wakaliga, Kampala. Studio inayofahamika kama Wakaliwood, iliyotoa filamu ya "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010, hutengeneza bunduki zake kwa mabaki ya vyuma na mbao, na moto wa mtutu huongezwa baadaye kwa kompyuta. Filamu zake zimejaa risasi, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye ghala la silaha. Hata hivyo, bunduki ya mbao iliyopakwa rangi vizuri huonekana ya kweli kwa mpita njia wa barabara ya Tanga–Pangani, hivyo taarifa kituoni inahitajika vilevile.

Ikiwa tukio limekwishatokea, majeruhi huhudumiwa kwanza na polisi huitwa papo hapo. Silaha, maganda na kadi za kamera huachwa kama zilivyo, maana picha zilizorekodiwa ni ushahidi, na anayezifuta kwa nia ya kumlinda rafiki anajiongezea kosa. Watakaohojiwa si mshika bunduki peke yake. Wapelelezi watataka kujua nani aliileta, nani aliijaza, nani aliikagua mara ya mwisho na saa ngapi. Kundi lililokuwa na daftari la makabidhiano ya silaha litajibu kwa kufungua ukurasa.