Kujificha Katika Bao

Alasiri ikishalegea na kahawa chungu ikipita barazani, bao hutandikwa Likoni kama Kisauni, na Changamwe pia chini ya mwarobaini wowote wenye kivuli cha kutosha. Kete ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Ziko 64, na kila mchezaji ana 32. Mchezo huu ni wa zamani mjini kwetu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, ana shairi kuhusu bao, na waliomsikiliza hawakuhitaji kuelezwa lolote.

Jambo ambalo mgeni hukawia kulielewa ni sheria za kujificha. Bao la Kiswahili lina safu mbili kila upande, zenye mashimo manane kila moja. Kete za safu ya mbele huliwa. Za safu ya nyuma haziliwi kamwe. Mwanafunzi akisikia hivyo hukimbilia kujaza nyuma, akidhani ameokoka. Kumbe sheria ya kushindwa inasema kwamba safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa, hata kama nyuma una kete ishirini. Maficho yapo, lakini lazima mtu abaki nje mlangoni.

Hata hayo malimbikizo ya nyuma yana mpaka wake. Wakati wa mtaji, yaani baada ya kete zote za mkononi kuingia baoni, shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kula. Mashimo yako yote ni 16, hivyo rundo hilo litazunguka upande wako mzima na halitadhuru mtu. Nimewaona vijana wakililea rundo kwa zamu nyingi, wakija kulianzisha wanaambiwa kwamba hiyo ni takata tu, yaani mwendo usiokula. Hasira zao nazielewa, lakini sheria ni nzuri. Isingekuwapo, kila mchezo ungekuwa wa kulimbikiza na kusubiri.

Kuna tena nyumba, shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, ambalo mara nyingi fundi hulichonga la mraba. Mchezo unaanza nyumba ikiwa na kete sita, mashimo mawili ya kulia kwake yakiwa na mbili mbili, na 22 zikibaki mkononi. Wengi hudhani kwamba nyumba ni ngome. Sivyo, kwa sababu huliwa kama shimo jingine lolote, na anayeila hupata karamu. Heshima yake ni nyingine. Wakati wa kunamua, yaani kete za mkononi zikiwa bado zinaingizwa baoni, mchezaji anayekula akifikisha kete ya mwisho nyumbani kwake, na mbele yake hapana cha kula, ana hiari ya kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzisambaza kete za nyumba. Akisafiri, nyumba imevunjika kwa mchezo mzima, na hata akirudisha kete sita humo hairudii cheo chake. Hapo ndipo watazamaji wote huinamia bao.

Lakini sheria ninayoipenda kuliko zote, na inayozua ubishi kuliko zote, ni ya kutakasia. Ni sheria ya wakati wa mtaji. Mimi sina cha kula, kwa hiyo natakata. Nikimaliza, wewe nawe huna cha kula, ila umebaki na shimo moja tu ambalo mimi nitaweza kulila zamu ijayo. Shimo hilo limetakasiwa, na huruhusiwi kuanzia kete humo. Yaani kilichoonekana hakiruhusiwi kukimbia. Unaweza kuchezea mashimo mengine ili kuharibu hesabu yangu, lakini lile lenye hatari lazima likae pale pale.

Sasa tazama matokeo yake. Kama nimeacha mashimo yako mawili hatarini, hakuna hata moja lililotakasiwa, nawe uko huru kuondoka na lolote kati yake. Kwa hiyo tishio moja lina nguvu kuliko mawili! Mchezaji hodari hujizuia asitishe kupita kiasi, na anayejilinda huona afadhali abaki na vidonda viwili kuliko kimoja. Vilevile nyumba ambayo haijavunjika haitakasiwi, wala shimo lililobaki peke yake lenye kete katika safu ya mbele, wala lile ambalo peke yake katika safu hiyo lina zaidi ya kete moja. Mwenye nyumba ana haki ya kutoka kwake, na aliyebakiwa na kimoja hafungiwi.

Mtafiti Philip Townshend alichapisha makala mwaka 1982 akilihusisha bao na maadili ya Waswahili, nami nakubaliana naye. Anayeficha mali yote nyuma bila kuonyesha uso hahesabiwi kuwa mchezaji, na mwenye uwezo wa kula lazima ale hata kama alitaka kunyamaza, maana sheria haimruhusu kukwepa. Ndiyo maana mafundi humtega mwenzao kwa kumwachia kitu cha kula, wamtoe alikojificha.

Changamwe wako waliokuja na michezo iliyo jamaa ya bao, ajua kutoka Nyanza na giuthi kutoka Mlima Kenya, na sheria huchanganyika vichwani. Desturi nzuri ni kukubaliana kabla ya kete ya kwanza: tunacheza na takasia au bila? Ubishi ukizuka, mzee aliyeketi pembeni huamua, na neno lake halirudiwi. Anayefungwa huinuka, mwingine akakaa.

Siku hizi wazazi wengi huwafundisha watoto kula na kutakata, kisha wakaishia hapo kwa kuona takasia ni ngumu. Hilo linaniuma. Mtoto wa miaka kumi anaielewa akionyeshwa mara chache kwa kete halisi. Wewe mwenye bao nyumbani, lishushe ukutani jioni hii, umwite mwanao, na uanze na takasia.