Kufundisha Bwawa la Udongo kwa Watoto wa Mjini

Mwalimu mtarajiwa apelekwaye Gerezani au Kariakoo kwa mazoezi ya kufundisha atakuta kwamba wanafunzi wengi wa huko hawajapata kuona bwawa. Maji wayajuayo ni ya bombani na ya kwenye madumu, pamoja na yale ya Mto Msimbazi yafurikapo Jangwani wakati wa masika. Basi mwalimu huchora ukuta ubaoni, huandika “Faida za Mabwawa”, na watoto hunakili. Somo la namna hiyo halitoshi. Bwawa la udongo, hasa lililozeeka, yapasa liulizwe maswali mawili: je, bado linafanya kazi lililojengewa? Je, tuta lake ni salama? Jibu la swali moja silo jibu la lingine.

Tuchukue mfano wa Bwawa la Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, lililojengwa mwaka 1957. Tuta lake ni la udongo. Kila mvua inyeshapo, maji huteremsha mchanga na tope kutoka mashambani na malishoni, na tope hilo hutua bwawani. Nafasi ya maji imepungua sana, ingawa watu wangali wakivua samaki na kumwagilia mashamba. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba bwawa likijaa tope hatari nayo imekwisha. Sivyo. Bwawa lenye nafasi ndogo hujaa upesi, na mafuriko yakija hutegemea utoro, yaani njia iliyoachwa ili kupitisha maji yaliyozidi. Utoro ukizibwa na magogo au takataka, maji hupanda juu ya tuta.

Hapa ndipo lilipo kosa kubwa la fikra za watoto. Wao hudhani maji hulisukuma tuta likaanguka, kama mtu asukumavyo mlango. Aghalabu tuta la udongo haliangushwi, bali huliwa. Waonyeshe kwa vitendo. Tafuta karai pana (Gerezani kwa mafundi bati halikosekani), jenga tuta la udongo wa kichanga katikati, kisha mimina maji upande mmoja, polepole, mpaka yapite juu. Yatachimba mfereji mwembamba, mfereji utapanuka, na punde tuta litakuwa limekatika. Jenga tena, na safari hii fukia chelewa ya ufagio chini ya tuta, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mimina maji, uichomoe. Maji yatapenya tunduni yakibeba udongo, na tundu litakua kutoka ndani. Kundi jingine lijenge tuta la mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, walinganishe. Kabla ya kila jaribio waulize watarajia nini, usiwape jibu.

Baada ya hapo watoto wataelewa kwa nini rangi ya maji ni muhimu. Tuta la udongo huvuja kidogo siku zote, na maji machache, meupe, yasiyoongezeka, si ajabu. Yakiwa ya matope, au yakizidi siku hadi siku, maana yake tuta linapoteza mwili wake. Wataelewa pia jambo litakalowashangaza baada ya kuhimizwa kupanda miti kila mwaka: juu ya tuta hapapandwi miti, bali nyasi, kwa kuwa mzizi mkubwa ukifa na kuoza huacha njia ya maji.

Umri peke yake hauhukumu. Mjini Derna, Libya, mabwawa mawili yaliyojengwa katika miaka ya 1970 yalivunjika Septemba 2023 kwa mvua ya tufani, na maelfu ya watu wakafa. Jirani zetu wa Solai, Kaunti ya Nakuru, Kenya, walikumbwa usiku wa tarehe 9 Mei 2018, Bwawa la Patel lilipopasuka baada ya mvua nyingi. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwamo watoto. Mwalimu asiyasimulie haya ili kutisha. Ayataje baada ya jaribio la karai, wakati mwanafunzi anaweza kueleza mwenyewe yaliyotokea.

Katika kupima somo, usiulize faida tatu za bwawa. Uliza hivi: “Umekwenda likizo kijijini. Jana maji yaliyovuja chini ya tuta yalikuwa meupe, leo ni ya matope. Utamwambia nani, na utaelekea upande gani?” Ajibuye tu kwamba atakimbia apewe nusu ya alama. Maki kamili apewe atakayesema atamwarifu mzee au kiongozi wa kijiji mara moja, kisha apande mlimani kando ya bonde, asifuate mto kuteremka.