Kinanda Chetu Kilitengenezwa Mwaka Gani?

Katika parokia za zamani watu husema juu ya harmonium ya kanisa: «Hii ilikuja na Mapadri wa kwanza.» Pengine ni kweli. Lakini neno hilo latuambia kilifika lini, si kilitengenezwa lini. Mambo hayo ni mawili, na kitabu cha parokia sherti kiyatenganishe.

Jina la harmonium lilitolewa na Alexandre-François Debain, Paris, katika miaka ya 1840. Huo ndio mpaka wa kwanza. Kisha tuulize kinanda chenyewe.

1. Jina na namba. Jina la kiwanda huandikwa juu ya vibao vya kupigia. Namba hupigwa katika mbao za ndani. Ziandikeni zote mbili sawasawa: viwanda vingine viliacha orodha za namba na miaka.

2. Medali. Viwanda vilipenda kuchora medali za maonyesho ya Paris: 1855, 1867, 1878, 1889, 1900. Mkiona 1889, kinanda si cha mbele ya 1889. Lakini chaweza kuwa cha 1910, kwani medali iliendelea kuchorwa miaka mingi.

3. Misumari ya kuzungusha. Ile yenye alama ya msalaba kichwani haikuenea viwandani mbele ya miaka ya 1930.

4. Makaratasi na mihuri. Karatasi ya safari yenye maneno «Congo Belge» ni ya kati ya 1908 na 1960. Muhuri wa Jimbo la Goma hauwezi kuwa wa mbele ya 1959, mwaka jimbo lilipoanza. Lakini muhuri waonyesha mwenye chombo tu. Kinanda cha 1900 chaweza kuupokea vilevile.

Je, msumari mmoja mpya kati ya mingi ya zamani waonyesha nini? Kwamba fundi alipita, basi. Sherti alama nyingi zipatane.

Tena msidanganywe na sura. Katika msitu wa Walikale na katika milima ya Masisi unyevu hulegeza gundi, hukunja mbao, huozesha ngozi ya mivukuto. Kinanda cha miaka ishirini chaweza kuonekana mzee kuliko babu yake aliyekaa mahali pakavu.

Kwa nini kusumbuka hivi? Tangu 1993 vita vimewakimbiza watu wa Masisi na Walikale mara nyingi. Makaratasi hupotea upesi. Chombo kizito pengine hubaki, nacho huwa shahidi. Basi mbele ya kukitengeneza, msikwangue mbao, msitupe ngozi ya zamani, wala msifute maandiko ya fundi ndani. Katika kitabu andikeni: «Kati ya 1889 na 1960», pamoja na sababu zenu. Hiyo ni bora kuliko mwaka mmoja usio na ushuhuda, kwani atakayekuja nyuma yenu ataweza kuupunguza upana huo.