Je, Wajua? Gramu 30 Hutikisa Gari Zima

Je, wajua kuwa gramu 30 zikipungua upande mmoja wa rimu, gari likifika kilomita 100 kwa saa huvuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo 5? Gurudumu la kawaida huzunguka mara 14 hivi kwa sekunde kwenye mwendo huo, na mvuto hubadili upande kila mzunguko. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndiyo maana Subaru Impreza hutulia mjini Bukoba, kisha likishapita Kemondo na lami kunyooka kuelekea Muleba, usukani unaanza kutetemeka.

Usukani ukitetemeka, shuku magurudumu ya mbele. Kikitetemeka kiti, angalia ya nyuma au propela shafti. Ukikanyaga breki tu ndipo linatetemeka? Hapo ni diski.

Kabla ya kumlipa fundi wa kubalansi, chungulia ndani ya rimu. Tope jekundu la njia za migombani likikaukia humo ni uzito tosha, na maji ya bomba hulimaliza bure.

Rimu za sporti zina ugonjwa wao. Habu ya Impreza ina kipenyo cha milimita 56.1, lakini nyingi za dukani zina tundu la 73.1. Bila pete ya kuziba nafasi hiyo rimu inaweza kukaa pembeni kidogo, na mashine ya kubalansi haitaliona kosa hilo, kwa kuwa gurudumu hupimwa likiwa limevuliwa.