Upasuaji wa Vali za Moyo: Kidonda Kidogo au Kifua Kufunguliwa?

Kamati kadhaa za sharika zimetuuliza kwa nini mgonjwa wanayemchangia afunguliwe kifua, wakati wamesikia ipo njia ya tundu dogo. Tunaeleza kwa ufupi.

Vali ni kama milango: huruhusu damu kwenda mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kwa vijana wetu wengi huharibiwa na homa ya rumatiki, inayotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa.

Katika upasuaji wa kawaida mfupa wa kidari hukatwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu wakati daktari akitengeneza vali au kuweka ya bandia. Mfupa hupona kwa wiki 6 hadi 12. Muda huo mgonjwa halimi wala habebi ndoo ya maji.

Njia ya pili hupita kati ya mbavu kwa mkato mdogo, ingawa mashine bado hutumika. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 330, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kuwa waliopasuliwa hivyo walitoka hospitali mapema kidogo, lakini baada ya wiki 12 nguvu za makundi yote mawili zililingana.

Ipo pia tiba ya puto. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, na puto hupanua vali iliyobana. Vali inayovuja sana haifai kwa puto. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hutoa tiba ya kufungua kifua na ya mrija pia.

Kwa hiyo kinachoamua ni hali ya vali, si ukubwa wa kidonda. Na kazi haiishii hapo. Vali ya mnyama huchakaa mapema kwa vijana. Ya chuma na kaboni hudumu, lakini mgonjwa hunywa warfarini maisha yote na kupimwa damu mara kwa mara. Akiacha, damu yaweza kuganda kwenye vali na kumwua. Dawa hiyo yaweza pia kudhuru mimba, hivyo binti aongee na daktari kabla ya vali kuchaguliwa. Wengi huhitaji pia sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi.

Tunaziomba kamati na wafadhili watenge fungu la nauli, dawa na vipimo, si la upasuaji peke yake.